Naionea Wivu Pikipiki ya Mpwa Wangu

Mpendwa mshauri,

Naomba unishike mkono kabla Jumapili haijafika, kwa sababu jambo linalonisumbua lina siku yake, nalo haliwezi kusubiri zamu kama barua nyingine za ukurasa wako, zile za waume wanaochelewa kurudi na wakwe wasiosalimia, ambazo kwa miaka mingi nimezisoma kwa raha ya mtu aliyekaa kivulini akitazama wenzake wakisukuma gari lililokwama, na leo anayesukuma ni mimi.

Mimi ni mzee, fundi wa pikipiki, na mji huu nimeishi miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, ingawa watu wakiniuliza natoka wapi bado ulimi hauendi kwenye mtaa ninaolala. Tulifika hapa mimi na mdogo wangu wa kike, yeye akiwa na mimba na mimi nikiwa na mfuko wa spana, mumewe akabaki nyuma ili aje na gari litakalofuata, na gari lile halikufika. Mdogo wangu akapata cherehani, mimi nikapata kona katika karakana iliyo nyuma ya uwanja wa motokrosi, yaani zile mbio za pikipiki za kwenye vilima vya udongo, ambako mtu anapanda, anaruka, anatua, na akitua vibaya anabebwa. Mtoto akazaliwa, wa kike, akakua kati ya vitambaa vya mama yake na grisi yangu, na katika hivyo viwili akapenda grisi.

Nilimjengea pikipiki. Sikumnunulia, nilimjengea: fremu niliiokota imepinda nyuma ya ukuta, injini ilitoka kwenye mashine mbili zilizokufa kwa maradhi tofauti, ekzosi niliikata na kuichomelea mwenyewe kipande kwa kipande, nikaipanua tumbo na kuibana mkia mpaka sauti ikakaa pale nilipoitaka. Tuliiita Bibi, kwa sababu ilikuwa ngumu kuamka, na ikishaamka hakuna wa kuinyamazisha. Juu ya Bibi mpwa wangu aliangukia kila upande unaoweza kuangukiwa, akajifunza, akaanza kushinda, kwanza wasichana wenzake, kisha na wavulana, hata watu wakawa wananiuliza ndani ya injini ile nimetia nini, nami nikawajibu kwamba nimetia usingizi wangu.

Na ilikuwepo kazi moja ya kila mwanzo wa msimu ambayo niliingoja kama wengine wanavyongoja mshahara. Pikipiki ya aina hii lazima izame kidogo mpandaji anapoikalia. Springi ya shokabu ya nyuma ikiwa laini kuliko uzito wake, inagonga chini akitua. Ikiwa ngumu kuliko uzito wake, haizami, na isipozama, pale kwenye mdomo wa mruko inamrudishia teke, mkia unanyanyuka na mpandaji anaweza kutangulia kichwa. Basi mdogo wangu alikuwa akiishika pikipiki isianguke, binti anakaa juu na helmeti yake na buti zake, nami napiga goti nyuma na utepe wa kupimia wa cherehani, napima kutoka ekseli hadi madigadi, kwanza kukiwa hakuna mtu juu, halafu yeye akiwa juu, na tofauti yake ndiyo inayoniambia nimtie springi ipi. Mshauri, nilimjua mtoto yule kwa springi. Msimu aliorefuka nilijua. Msimu alioachwa na mchumba wake akakonda nilijua kabla ya mama yake, nami sikuuliza kitu, nilibadilisha springi tu.

Sasa mwaka huu mama mmoja mwenye duka kubwa la pikipiki alimwona akishinda, akampa mkataba na pikipiki mpya. Na si mpya tu. Ni nakala ya mashine ya bingwa, zile ambazo kiwanda kinatoa chache kila mwaka zikiwa na kila kitu alichonacho bingwa mwenyewe mashindanoni: rangi zile zile, stika zile zile, rimu za buluu, ekzosi ya chuma chepesi ambacho kikipata moto kinageuka rangi kama shingo ya njiwa, klachi inayosukumwa kwa mafuta badala ya waya, swichi ya kuibadilisha injini tabia, iwe pole kwenye matope na kali kwenye udongo mkavu, na kitufe cha pale kwenye geti la kuanzia kinachozuia tairi lisizunguke bure. Inawashwa kwa kidole. Bibi inawashwa kwa mguu, dua na lawama.

Pamoja nayo akaja fundi wa duka, mwanamume mrefu mtulivu mwenye kompyuta ndogo anayoichomeka kwenye pikipiki na kuisoma kama daktari anayesikiliza moyo. Uwanjani wanamwita Kompyuta. Nilitaka awe na kiburi. Nilikitafuta kiburi chake kila mahali sikukiona. Ananiamkia kila asubuhi, ananiita mzee wangu, na siku ya kwanza kabisa aliniomba nimweleze jinsi nilivyoichomelea ekzosi ya Bibi, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ya maana, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote, maana mtu ukikosa hata sababu ya kumchukia utamfanya nini.

Hapo wivu ukaanza kazi yake. Mezani kwa mdogo wangu nilisema ekzosi ile inalia kama sufuria inayokwanguliwa. Siku nyingine nikasema rangi zile ni za peremende, siku nyingine kwamba mtu anayewasha pikipiki kwa kidole mwisho ataomba mashine imsaidie na kupumua. Mwanzoni mpwa wangu alicheka. Halafu jioni moja akaweka kijiko chini, akanitazama usoni, akasema, "Mjomba, mimi nimepewa pikipiki. Sijaolewa mbali." Mama yake, bila kuinua macho kwenye sahani, akaongeza kwamba wahenga walisema wivu ni kidonda ukishiriki utakonda, na kwamba yeye suruali za kaka yake ameshaanza kuzipunguza kiuno. Wakacheka wote wawili, nami nikacheka ili nisionekane nimeumia.

Tangu hapo nikifungua mdomo kuhusu pikipiki ile, hata kusema tu kwamba ina vumbi, wanatazamana.

Nifike kwenye lenyewe. Nakala ile inahifadhiwa kwenye karakana yetu kwa kuwa iko jirani na uwanja. Juzi mchana wote walikwenda kunywa chai, nikabaki nayo peke yangu. Niliizunguka. Nilipitisha kidole kwenye mishono ya kuchomelea, nikitafuta hata mmoja ulioteleza, na hakuna, ni kazi safi, mshauri, kazi safi kabisa, na nilisimama pale nikiwa nimeipenda pikipiki ya watu kama kijana anayependa mke wa jirani. Halafu nikaipanda. Nikashika usukani, nikainamisha kichwa, na kwa umri huu wangu nilionao, mtu ambaye vijana wanamnyanyukia kiti, nikatoa mlio wa injini kwa mdomo.

Nilikuwa katika aibu hiyo nilipogundua kwamba pikipiki haikuzama. Mimi nimemzidi mpwa wangu uzito kwa mbali, na bado mkia ulishuka upana wa vidole vitatu tu, wakati springi inayomfaa yeye ingezama chini yangu zaidi ya kiganja kizima. Nikainuka, nikakaa tena kwa kishindo. Ni vile vile. Nikashuka nikainama nikaisoma namba iliyogongwa kwenye springi, nayo ni ya mwanamume mzito anayeruka juu sana na kutua kwa nguvu. Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa: mwenye duka anauza nakala, na ameagiza isiguswe, kila kitu kibaki kama cha bingwa, kwa ajili ya picha na kwa ajili ya wateja, na mpwa wangu mwenyewe amekuwa akiwaringia wenzake kwamba ya kwake ni kama ya bingwa mpaka ndani ya shokabu. Wamempa pikipiki ya bingwa pamoja na uzito wa bingwa.

Sasa nitakuambia nililojisikia, maana kama sikuambii hili hakuna haja ya kukuandikia. Nilifurahi. Nilikaa juu ya ndoo nikafurahi peke yangu.

Kesho yake kulikuwa na mazoezi. Nilisimama kwenye uzio mkabala na mruko mkubwa, ule wa vilima viwili vyenye shimo katikati, ambao usipofika ng'ambo unatua kwenye ukuta wa udongo. Alikuja kwa kasi ambayo Bibi haikuwahi kumpa, akafika kwenye mdomo, na mkia ukanyanyuka. Ukanyanyuka hivi, ghafla, kama punda anayerusha teke, na yeye akavuta mwili nyuma mpaka karibu akalie madigadi, akaishusha, akatua salama. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni madoido. Kompyuta akaandika kitu, na binti akapita akipunga mkono. Na mimi, katika ule muda ambao pikipiki ilikuwa imening'inia hewani na pua chini, mimi niliyemkata kitovu cha mbio, nilitamani aanguke. Si sana. Kidogo tu, kiasi cha kuteguka kifundo, kiasi cha kumfanya arudi akae kwenye kona yangu aniambie, mjomba, nitolee Bibi.

Mpaka leo sijasema neno. Najiambia kwamba labda sijui kitu, kwamba shokabu za siku hizi zina matundu na vali ambazo mimi sijazifungua, kwamba labda Kompyuta ameliona hilo kwenye kioo chake na ana sababu zake, na kwamba labda sikuona springi wala teke, niliona wivu wangu ukiwa umevaa ovaroli. Nikisema, watatazamana. Wakiniuliza nilijuaje, itabidi niseme kwamba niliipanda. Nisiposema, na Jumapili ni mashindano makubwa, na kwenye mruko ule watakuwa wengi bega kwa bega na hakuna nafasi ya kuvuta mwili nyuma, halafu likatokea la kutokea, nitaingilia mlango gani kwa mdogo wangu?

Nimesoma vitabu vingi katika upweke wa ugenini, mshauri, na katika vyote sikukuta mahali panapomfundisha mtu kutofautisha jicho lake la ufundi na kijicho chake. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mjomba Mwenye Kijicho

*

Mzee wangu, shikamoo. Na heshima yako ukishaipokea, keti, maana sasa nitakugombeza.

Barua yako ni nzuri na ndefu, na haina namba ya simu. Nimeigeuza nyuma na mbele, nimetazama hadi ndani ya bahasha. Mtu mwenye jambo la Jumapili ameliandikia gazeti linalotoka Ijumaa, na hakuacha pa kumpigia, wakati mpwa wake anakula meza moja naye. Ulikuwa unaomba ushauri, ndiyo, lakini ulikuwa pia unaomba foleni. Ulitumaini barua yako ikae chini ya rundo, Jumapili ipite, na useme mimi nilijaribu, mshauri ndiye aliyechelewa. Basi mshauri hakuchelewa. Nimembembeleza mhariri, na mama mmoja ambaye wakwe zake hawamsalimii ameahirishiwa shida zake mpaka wiki ijayo kwa ajili yako. Kama unajua kuomba dua kwa ajili ya kuwasha injini, muombee na yeye.

Unaniuliza kama ni springi au ni wivu. Mimi pikipiki sizijui, nikipakiwa nyuma nafumba macho. Lakini wivu naujua, ndiyo kazi yangu ya kila wiki, na nakuambia una alama zake. Wivu hauna kipimo. Unasema sufuria, peremende, ekzosi, kidole, unarukia hiki na kuacha kile, na ukijibiwa hapa unahamia pale. Ukiisoma tena barua yako utaona kwamba umeongea hivyo mpaka ulipoikalia pikipiki. Kuanzia hapo ukaanza kusema vidole vitatu, kiganja, namba iliyogongwa kwenye chuma. Wivu hauhesabu vidole, mzee wangu. Aliyehesabu vidole ni fundi, na alihesabu akiwa anaipenda pikipiki ile, sio akiwa anaichukia. Kwa hiyo mwamini.

Inawezekana bado umekosea. Hayo mavali unayoyaogopa yapo au hayapo, mimi sijui, na wewe hujui. Lakini hili si jambo la kulitafakari kwa sababu linapimika. Ungekuwa umeniandikia kwamba mchumba wa binti humwamini, tungekaa hapa mpaka mvua zije. Wewe una swali ambalo utepe wa cherehani unalijibu kabla chai haijapoa, na umeshinda nalo siku kadhaa ukilifanyia falsafa.

Halafu kuna hilo la kutamani aanguke. Nilitaka kulipita, kwa kuwa umelisema mwenyewe na kwa kuwa sidhani kuna mlezi asiyewahi kutamani, japo kwa kupepesa jicho, kwamba mtoto aliyempita arudi akiwa na kidonda cha kufungwa. Sitalipita. Umeandika "kidogo tu". Umeandika kana kwamba unamwagiza fundi wa nguo apunguze mkono. Ule ukuta wa udongo ulionielezea haujui kidogo. Kifundo ulichokichagua wewe si lazima ndicho kitakachochaguliwa na shimo. Umekaa ugenini na mdogo wako na mwanawe, na kwa jinsi nilivyokusoma, hao ndio kwenu ulikobaki nako. Unataka kuwapunguza tena, kwa mkono wako safari hii, ili tu mtoto aseme "nitolee Bibi"?

Basi, nimemaliza kufoka. Sikiliza utakavyofanya.

Leo, sio kesho, nenda karakana. Usimfuate binti, maana yeye ataona wivu kabla hajasikia neno. Usimfuate mwenye duka, maana yeye ataona picha zake zinaharibika. Mfuate Kompyuta. Umesema anajua kusikiliza, na ulimchukia kwa ajili hiyo. Sasa kitumie hicho hicho ulichokichukia. Anza na aibu, usiifiche mwisho wa sentensi. Mwambie: "Mwanangu, mlipokwenda chai niliipanda pikipiki yenu." Mlio wa mdomo unaweza kumwachia Mungu na mimi, hauna msaada wowote kwenye springi. Halafu mwambie vidole vitatu, mwambie namba uliyoisoma, mwambie ulichokiona mkia ukifanya pale kwenye mruko, na unyamaze. Ukijisikia kutaja ekzosi, jing'ate ulimi.

Akishasikia, mwombeni binti avae kila kitu, akae juu, na mama yake aishike pikipiki kama zamani. Ila safari hii utepe ashike Kompyuta, na goti apige yeye. Wewe simama kando uone. Hili litakuuma kuliko yote niliyokuambia, najua, kwa sababu nimeisoma barua yako mara tatu na ninakijua unachokionea wivu. Si rimu za buluu. Ile kazi ya mwanzo wa msimu ndiyo iliyokuwa njia yako ya kumuuliza mtoto hali, bila kumuuliza. Msimu huu hakuna aliyepiga goti nyuma yake, na wala hakuna aliyekufukuza. Waliona pikipiki imekuja imeshapimwa, basi wakadhani na mtu amepimwa. Hilo lilikuwa kosa lao la haraka, lako ni la kulijua na kunyamaza.

Mkipima mkakuta springi ni ya bingwa, Kompyuta ataibadilisha, na mwenye duka atajibiwa na Kompyuta, kwa kuwa ndiye anayelipwa kumjibu. Usiende kusimulia uwanjani kwamba wewe ndiye uliyeona. Ukisimulia, kesho utakapoona kasoro nyingine watatazamana tena, na watakuwa na haki. Mkipima mkakuta mambo yako sawa, sema "nilikosea", kwa sauti ya kusikika, unywe chai, uende nyumbani. Usibaki pale kuzunguka pikipiki ukitafuta mshono uliopinda ili usitoke mikono mitupu.

Kuhusu binti, akishashuka kwenye ile mashine mwambie jambo moja tu, na lisiwe la mashine. Muulize anaendeleaje. Kwa maneno, mzee wangu, kama watu wengine. Utaona ni kazi ngumu kuliko kuchomelea, maana utepe hauulizwi swali ukarudisha swali, na yeye anaweza kukuuliza na wewe unaendeleaje. Mjibu. Mwambie karakana imekuwa kimya. Hataacha pikipiki mpya kwa sababu hiyo, na hupaswi kumtaka aiache. Kipya kinyemi, na hiki kipya ameshinda kukipata, akiwa juu ya kazi ya mikono yako. Lakini atajua kwamba maneno yote yale ya sufuria na peremende yalikuwa yanasema kitu kingine.

Sikuahidi kwamba utapona. Wivu wa mtu mzima hauondoki kwa barua ya gazetini. Jumapili utaamka nao, utakwenda nao uwanjani, na utakapoisikia ekzosi ile ikipita kifuani mwako utaiona tamu, na utamu wake utakuuma. Nenda hivyo hivyo. Usikae nyumbani ukisingizia mgongo. Simama kwenye uzio na watu wengine, pasipo kazi, pasipo spana mfukoni, na atakapokuja kwenye ule mruko piga makofi. Ukiona mikono inakataa, shika uzio kwa nguvu kama wanavyoushika wazazi wote walioko pale, na hakuna atakayejua tofauti.

Sasa kunja gazeti. Ukishapima, nipigie wewe. Namba yangu iko juu ya ukurasa huu, na mimi sikusahau kuiandika.